Baada ya Doudou, tuangalie ipi na mama mkwe?

Swali, kutoka kwa msomaji wa Tanga: "Nilikuwa kidato cha pili TBC ilipokuwa ikionyesha ile tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake. Kwetu hatukuwa na runinga, tulijazana kwa jirani. Sasa nimeolewa, naishi na mama wa mume wangu, na kila usiku baada ya isha tunaangalia tamthilia pamoja. Za kifalme za Kichina zimetuchosha. Yule dada aliyecheza Doudou ana kazi gani nyingine nzuri? Tuanze na ipi, na ipi nisiiwashe mbele ya mama? Mama hasomi Kiingereza."

Dada yangu, aliyecheza Doudou anaitwa Hai Qing. Ni mtu wa Nanjing, alianzia kwenye dansi kabla ya kwenda kusomea uigizaji katika Chuo cha Filamu cha Beijing. Kazi zake ni nyingi, na nikikumwagia orodha nzima nitakuwa nimekuacha pale pale ulipo. Nimeyasoma maneno yako mara tatu, na yaliyonishika ni haya: "nisiiwashe mbele ya mama". Hapo umegusa penyewe. Umaarufu wa Hai Qing umejengwa juu ya mkaza mwana na mavyaa wake, hata Wachina wakambandika jina la "mke wa mwana wa taifa zima". Lakini tamthilia zake mbili juu ya jambo hilo hilo hazifanani hata kidogo. Moja inaweza kuwachekesha mama na wewe mpaka mkashikana mikono. Nyingine inaweza kuwafanya mlale bila kuagana. Kwa hiyo nitakujibu kwa kuangalia umekaa na nani sebuleni.

Kwanza tuiweke sawa ile ya Doudou, maana ndiyo kipimo chako. Kwa Kichina inaitwa Xifu de Meihao Shidai, ilitoka mwaka 2010, ina sehemu 36, na ilimpa Hai Qing tuzo ya mwigizaji bora wa kike ya Magnolia kule Shanghai mwaka huo huo. Redio China Kimataifa, ambayo idhaa yake ya Kiswahili ina umri wa tangu 1961, ndiyo iliyoitia sauti za Kiswahili, na mwaka 2011 ikaingia TBC. Ilikuwa tamthilia ya kwanza ya Kichina kutiwa sauti kwa lugha yetu. Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwa jina, akisema imewapa Watanzania nafasi ya kuona raha na karaha za maisha ya kawaida ya Wachina.

Mimi nina maelezo yangu kwa nini ilitukaa vile. Mao Doudou ni muuguzi aliyechelewa kuolewa, anampata Yu Wei, mpiga picha mpole, kumbe wazazi wa Yu Wei waliachana na baba ameoa tena, kwa hiyo bibi harusi anapokelewa na mavyaa wawili wasiopikika chungu kimoja. Ukimsimulia Mzungu habari hiyo utamweleza kwa saa nzima kwa nini ni shida. Ukimsimulia mtu wa Chumbageni, hapo kwenu Tanga, anakukatiza katikati, kwa sababu ana shangazi yake yamemkuta. Hata maneno yalikaa yenyewe. Wachina wana neno lake mama wa mume na neno lake mke wa mwana, na uhusiano wa wawili hao una jina lake maalumu, kama vile sisi tulivyo na mavyaa, mkaza mwana, wifi na mzaa chema. Mfasiri hakulazimika kubuni kitu. Kuna na jambo hili: Mchina anapoolewa hubadilisha namna ya kuwaita wazazi wa mumewe. Jana alikuwa akimwita "shangazi", leo lazima atamke "mama", na siku ya harusi wakwe humpa bahasha ya pesa kwa tamko hilo. Ukiliweka hilo moyoni, utaona katika tamthilia hizi kwamba neno "mama" likitoka kwa shida, au lisipotoka kabisa, watu wote mezani wanaacha kula.

Sasa ya kuanza nayo. Muwashie mama Xiao Huanxi, ya mwaka 2019, sehemu 49. Kwa Kiingereza utaikuta kwa jina la A Little Reunion. Humo Hai Qing si bibi harusi tena, ni mama wa makamo anayeitwa Tong Wenjie, mume wake ni Fang Yuan, anayechezwa na Huang Lei, na mtoto wao Fang Yifan yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, akili anazo ila darasani anashika mkia. Mtihani wa kuingia chuo kikuu unakuja. Huo mtihani, gaokao, hufanyika Juni, na mwaka ule tamthilia ilipotoka walioufanya walizidi milioni 10. Familia tatu zinahamia karibu na shule ili watoto wasipoteze muda barabarani, na kuanzia hapo nyumba zote tatu zinaishi kwa kengele ya mtihani.

Naichagua hii kwa sababu mbele yake wewe na mama mnakaa upande mmoja. Hakuna mkaza mwana anayeshtakiwa. Kuna akina mama watatu na namna tatu za kumpenda mtoto mpaka akakosa pumzi, na mama mkwe wako, aliyelea, atakuwa na la kusema kuliko wewe. Tong Wenjie anafoka, anarusha maneno, halafu saa sita za usiku anaingia chumbani kwa mwanawe kumfunika shuka. Hai Qing anaucheza ule mpito kutoka ukali hadi upole bila kukuonyesha mshono. Mtazame mikono yake. Mdomo bado unagomba, mikono tayari inachambua mboga kwa ajili ya huyo huyo anayegombwa.

Niliiangalia mara ya kwanza Nanjing, nilikokuwa masomoni, kiangazi kile kile ilipokuwa ikirushwa, pamoja na mama mwenye nyumba niliyempangia. Binti yake alikuwa amebakiza miaka miwili afanye gaokao. Kuna familia moja humo ambamo mama ameachika, mwalimu hodari wa fizikia, amemtengenezea binti chumba cha kusomea chenye kioo ili amwone muda wote kama yuko kitabuni. Binti huyo, Qiao Yingzi, anataka kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Nanjing kwa mapenzi yake ya anga na nyota. Mama anataka chuo cha Beijing, asimwache aende mbali. Usiku wa sehemu zile mama mwenye nyumba wangu hakunywa chai yake. Alikaa na kikombe mkononi mpaka kikapoa, kisha akainuka akaenda kugonga mlango wa binti yake, taratibu, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Nakuonya mapema: hali ya Yingzi inazidi kuwa mbaya mpaka mtoto anafika kwenye maji akitaka kujiua. Kama nyumbani kwenu kuna kijana anayepita kipindi kigumu, kaeni naye siku hiyo, msimwache aiangalie peke yake kwenye simu.

Kuna mkanganyiko nitakaouondoa hapa, kwa sababu utaupata ukitafuta. Ipo tamthilia ya kabla yake, Xiao Bieli, ya mwaka 2016, kwa Kiingereza A Love for Separation. Humo pia Hai Qing anaitwa Tong Wenjie, Huang Lei anaitwa Fang Yuan, na ni mke na mume. Watu wengi wanadhani ni sehemu ya kwanza na ya pili ya hadithi moja. Siyo. Katika Xiao Bieli mtoto wao ni binti, Duoduo, anayeingia mtihani wa kutoka sekondari ya chini, na swali la nyumba zote ni kama mtoto apelekwe kusoma ng'ambo akiwa bado mdogo. Katika Xiao Huanxi mtoto ni yule wa kiume na Duoduo hayumo kabisa. Majina yamerudi, maisha mapya. Mwongozaji ni yule yule, Wang Jun, na ukali wa mama ni ule ule.

Katika Xiao Bieli kuna mahali Tong Wenjie anamwambia binti kwamba asipoingia sekondari nzuri hataingia chuo kizuri, na asipoingia chuo kizuri maisha yake yamekwisha. Sisi tuliokulia kwenye nyumba ambazo matokeo ya kidato cha nne yalisomwa kama hukumu tunaijua sauti hiyo. Ila kwa Wachina kuna jambo la ziada. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi serikali ilipolegeza na kuruhusu watoto wawili kuanzia 2016, familia nyingi za mjini zilikuwa na mtoto mmoja tu. Mtoto akianguka, hakuna mdogo wake wa kushika kijiti. Ukimweleza mama hilo kabla ya kuanza, atamhurumia Wenjie mapema. Usipomweleza, atakuuliza kila dakika kumi, "Huyu mama ana nini?"

Zote mbili ni salama kwa sebule yenu. Mkimaliza Xiao Huanxi, chukueni Xiao Bieli. Ningeiweka ya pili kwa sababu moja tu: imejaa wakala wa shule za ng'ambo, maombi na mahojiano, na katikati inachoka kidogo.

Ile ya tatu usiiangalie na mama. Iangalie na mumeo. Inaitwa Wo Ju, ya mwaka 2009, yaani maskani ya konokono, na kwangu mimi ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizofanya Hai Qing kwenye runinga. Anacheza Guo Haiping, msomi wa chuo kikuu chenye jina aliyebaki kwenye jiji kubwa na mumewe Su Chun. Wanapanga chumba kimoja kidogo ndani ya nyumba kuukuu, jiko la kushirikiana, na majirani wanaochungulia nani kawasha taa ya nani. Mtoto wao analelewa na bibi yake mkoani kwa sababu chumbani hakuna pa kumlaza. Haiping anataka jambo moja tu: nyumba ya kununua, mtoto arudi. Kila anapokaribia kufikisha pesa ya kuanzia, bei inakuwa imeshapanda.

Dada, kuna maneno ya Haiping ambayo China nzima iliyakariri. Anasema kila asubuhi akifumbua macho, tarakimu zinamrukia kichwani: mkopo wa nyumba yuani 6,000, chakula na mavazi 2,500, chekechea 1,500, michango ya watu 600, nauli 580, na anaendelea hivyo hivyo mpaka kwenye gesi na umeme. Kwa maneno mengine, tangu pumzi ya kwanza ya asubuhi tayari anadaiwa. Hakuna machozi pale. Anazitaja kama mtu anayesoma risiti ya dukani, na ndiyo maana zinauma. Wachina wana neno lao, "mtumwa wa nyumba", kwa mtu anayelipa mkopo wa makazi maisha yake yote, na tamthilia hii ilitoka wakati ambapo bei za nyumba kwenye miji mikubwa zilikuwa zikiruka. Mumeo kama ni mtu wa kuhesabu matofali ya kiwanja chenu kila mwisho wa mwezi, atakaa kimya muda mrefu baada ya hapo.

Kwa nini basi si ya mama? Haiping ana mdogo wake wa kike, Haizao, anayechezwa na Li Nian. Katika kumsaidia dada yake apate pesa, Haizao anaangukia mikononi mwa Song Siming, katibu wa meya, mtu mzima mwenye mke, mwenye mamlaka na mwenye maneno matamu. Zhang Jiayi alimcheza huyo bwana kwa mvuto uliowakera wengi: iweje mla rushwa apendeze hivi? Kuna mambo ya chumbani na lugha ya wazi, na maafisa wa utangazaji wa China walikuja kuikosoa hadharani kwa sababu hiyo. Wewe na mumeo mtaiona kama onyo. Mbele ya mama mtabaki mnatafuta rimoti.

Sasa ile ninayokuomba usiiwashe kabisa kwa sasa, walau mpaka ufikishe miaka kadhaa ndani ya ndoa. Shuangmianjiao, ya mwaka 2007. Maana yake ni ile seloteipu yenye gundi pande zote mbili, na seloteipu yenyewe ni mume. Upande mmoja kamshika mke, upande mwingine kamshika mama, na kila mmoja anavuta. Hai Qing ni Hu Lijuan, binti wa Shanghai, kaolewa na kijana wa kaskazini mashariki, Li Yaping. Mama wa kijana anakuja kukaa nao. Hakuna mbaya kati yao. Mama anaona aibu kumwona mwanawe amevaa eproni jikoni huku mke amekaa, wakati kwa watu wa Shanghai mume kupika ni jambo la kila siku. Mke anaona chakula kizuri kinasogezwa taratibu kwenye bakuli la mume na yeye anaachiwa cha jana. Mambo madogo madogo, sehemu baada ya sehemu, mpaka nyumba inakuwa kama chungu kilichofunikwa motoni. Mwandishi wake ni Liu Liu, yule yule wa Wo Ju, na mwongozaji wa zote mbili ni Teng Huatao. Hawa wawili hawamwonei mtu haya.

Ni kazi nzuri sana. Kama ungeniuliza mwenyewe, mbali na mama, ningekwambia ni mahali pa kujifunza kuigiza hasira inayokua kidogo kidogo. Lakini Doudou alikuwa na ucheshi wa kuwasuluhisha watu, na Lijuan hana huo ucheshi, wala hadithi haimpi. Ukiiwasha mbele ya mama mkwe, kila tonge litakalosogezwa kwenye skrini litakuwa linasogezwa na kwenye meza yenu. Wachina wana methali kwamba mkaza mwana akivumilia miaka mingi mwisho naye huwa mavyaa. Siku mama atakapokusimulia mwenyewe, kwa hiari yake, alivyoishi na mavyaa wake, hapo ndipo mnaweza kuiangalia wote. Atakuwa anaangalia ujana wake mwenyewe, wewe hutakuwemo.

Nyingine nazipitia haraka. Wang Gui yu Anna, ya 2009, ni mapenzi ya binti wa mjini anayependa vitabu na mashairi na mume mtoto wa wakulima, miaka na miaka ya ndoa yao tangu zama za dhiki. Ni tamu, na mama ataipenda, ila picha zake na mapambo yake ni ya kizamani kidogo. Xin Shu, ya 2012, ni ya hospitali, Hai Qing tena muuguzi, lakini hadithi ni ya madaktari na ugomvi wao na ndugu za wagonjwa. Kama unamfuata yeye tu, iache.

Na hii si ya runinga, ni filamu, ila siwezi kuandika kuhusu Hai Qing nikaipita. Julai 2019, kwenye tamasha la filamu la FIRST mjini Xining, alisimama jukwaani akawaomba waongozaji na watayarishaji wawape nafasi waigizaji wa kike waliofika umri wa makamo. Wengine walimsema. Miaka miwili na nusu baadaye, Februari 2022, filamu ya Li Ruijun, Return to Dust, ilishindanishwa Berlin. Hai Qing ni Guiying, mwanamke mgonjwa na mwenye ulemavu aliyeozwa kwa mkulima maskini ambaye naye ndugu zake walitaka kumwondosha nyumbani. Wanajenga nyumba kwa tofali za udongo walizofyatua wenyewe. Anayecheza mume ni mkulima halisi, ndugu wa mwongozaji kwa upande wa ndoa, wa huko huko Gansu ilikopigwa. Hai Qing alikaa kijijini kwao akajifunza lahaja yao na kazi za shamba. Yule "mke wa mwana wa taifa" mwenye maneno kama cherehani, humo anaongea kidogo mno, na uso wake huutambui. Mama hatahitaji tafsiri kubwa. Punda, ngano, mvua inayonyea matofali yaliyoanikwa: hayo ataelewa mwenyewe. Muwe na leso karibu.

Kuhusu kuzipata: king'amuzi cha StarTimes kina chaneli ya Kiswahili inayotia sauti tamthilia za Kichina, na mwaka 2016 kampuni hiyo iliendesha mashindano Tanzania kutafuta sauti za kazi hiyo, kwa hiyo angalia ratiba yao kwanza. Kwa hizi nilizokutajia, jiandae kusoma maandishi ya Kiingereza. YouTube utazikuta ukiandika jina la Kichina kwa herufi zetu kama nilivyoliandika hapa, ukaongeza Hai Qing mbele. Chagua chaneli ya watengenezaji au ya jukwaa kubwa kama iQIYI, kwa sababu zile za watu binafsi hukata sehemu katikati. Pakua usiku wakati bando ni nafuu.

Na kwa kuwa mama hasomi Kiingereza, mkalimani ni wewe. Usimtafsirie kila sentensi, utachoka kwenye sehemu ya pili na yeye atakosa kuona nyuso. Mwambie mwanzoni nani ni nani kwa maneno yetu: huyu wifi yake, huyu mavyaa, huyu baba wa kambo. Kisha tafsiri mabishano ya mezani tu, maana Wachina hao mambo yao makubwa yote huyasemea kwenye chakula. Simamisha picha kama ni lazima. Sehemu mbili kwa usiku zinatosha, na ile ya kwanza ya Xiao Huanxi iwashe siku ambayo wote hamna kazi ya alfajiri, kwa sababu mama hatakubali uzime.